Gati Lililoishia Topeni

Kama uliwahi kufika kisiwani Char Bokul, basi uliwahi kumkumbatia Absar shingoni. Njia nyingine haikuwepo. Boti hutia nanga mbali, kule mkondo unakopita, na kati ya boti na nchi kavu kuna tope la nusu saa, jeusi, laini kama uji, lenye tabia ya kuazima kiatu na kutokirudisha. Absar alikuwa akikugeuzia mgongo, anainama, anasema, "Panda, bwana, na usinikabe, mimi si mkweo." Unapanda. Alimbeba hakimu. Alibeba maimamu watatu, mmoja akisoma dua kwa sauti njia nzima kana kwamba amepanda mamba. Alibeba friji. Alisema friji ndiyo abiria bora kuliko wote, haitoki jasho na haimwulizi mtu maswali ya siasa.

Jina lake kamili ni Nurul Absar. Alianza kazi hiyo ana miaka kumi na minne, akikanyaga nyayo za baba yake kabla hazijajifuta, na alipofika hamsini na minane miguu yake ililijua tope kama ulimi unavyoyajua meno. Alijua wapi pana kitako kigumu na wapi mtu huzama hadi kiunoni huku bado anacheka. Alijua pia maji: saa ya kujaa, saa ya kupwa, siku za bamvua ambapo bahari hupanda mpaka inatia haya, na siku za maji mafu ambapo hujikokota kama mtu aliyetumwa dukani bila hiari. Kisiwani mtu akitaka kusafiri haangalii kalenda. Anamwuliza Absar.

Wanawake hawabebwi mgongoni. Wana kiti chao cha mianzi, wabebaji wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na bibi katikati amejifunika anatazama mbingu. Maharusi hukaa humo, na wajawazito, na wagonjwa, na wake za walimu. Mke wa mbebaji hakai. Jambo hili hakuna aliyeliandika popote, lakini jaribu kulivunja uone. Wabebaji husema kiti ni riziki, na ukimkalisha mkeo juu ya riziki umewaambia wenzako kwamba miguu yake ni bora kuliko ya wake zao. Kumbeba mgongoni ndiyo usiseme kabisa. Palikuwa na mzee mmoja, Lokman, aliyembeba mkewe siku moja tu kwa sababu bibi alichomwa na mwiba wa samaki. Lokman alikufa miaka ishirini baadaye akiitwa Punda wa Bibi, na siku ya mazishi yake bado alikuwepo mpumbavu mmoja aliyeuliza kama jeneza ni zito kumshinda bibi.

Kwa hiyo Momena, mke wa Absar, aliingia kisiwani siku ya harusi yake kwa miguu yake mwenyewe, sari nyekundu imekunjwa hadi gotini, viatu mkononi, bwana harusi akitangulia bila kugeuka. Akaenda kwao kusalimia kwa miguu hiyo hiyo. Akaenda bara kujifungua kwa miguu hiyo hiyo, akarudi na Shefali kifuani. Mtoto mwingine hakupata. Kisha magoti yakagoma. Yalianza kwa kulia usiku wa baridi, yakaishia kumfanya ashike ukuta kwenda chooni. Shefali alipoolewa na Jahangir, fundi cherehani wa bara, mama yake alimsindikiza mpaka ukingo wa tope, akasimama hapo. Miaka saba ikapita, na Momena hakuwahi kuiona nyumba ambayo mwanawe analala.

Shefali ndiye aliyekuwa akija, kila Idi, na binti yake Mitali. Siku nyingine zote ilikuwa simu.

"Mama, jiko langu jipya lina bomba ndani. Ndani, mama! Unafungua tu."

"Usiliache wazi, maji yatakuzoea."

"Uje ulione basi."

"Nitakuja."

"Lini? Baba anabeba dunia nzima huko, anashindwa kukubeba wewe?"

"Nyamaza, mtoto huna haya."

Absar alikuwa kibarazani, anasikia kila neno. Alijifanya anakuna mguu.

Ndipo ikaja habari ya gati. Gati la zege, refu, lenye taa. Wapimaji wangekuja kukagua, na kama wangeridhika, wangejenga. Kama wasingeridhika, lingekwenda kisiwa jirani, ambako watu wanajivuna hata bila gati. Mwenyekiti Belal alimwita Absar kwenye duka la chai.

"Mzee, wewe ndiye saa yetu ya maji. Nipe siku ambayo wageni hawatachafuka."

"Hawatachafuka kidogo, au kabisa?"

"Kabisa! Hukumbuki yule afisa wa sensa? Alipoteza kiatu na miwani. Ripoti yake ikatoka tumepungua watu mia nne. Nadhani aliacha kuhesabu pale pale topeni."

Absar alihesabu kwa vidole. "Mwezi mpevu wa Bhadro, mvua zikielekea mwisho, siku ya tatu yake. Hilo ndilo bamvua kubwa la mwaka mzima. Boti itafika karibu na mlango huu, unywe chai ukiwa ndani yake."

"Hapo sawa!"

Na kweli ilikuwa sawa, kwa akili zetu. Mgeni wa Char Bokul hachafuki. Nyumba inaweza kukosa paa, lakini mgeni atakula pilau na samaki wa ilish, na ataondoka na soksi zake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba wale watu walikuja kupima lile tope hasa, na kwamba kuwaficha tope kulikuwa sawa na mgonjwa kujipaka poda kabla ya kwenda kwa daktari.

Siku hiyo bahari ilijaa kwa adabu zote. Momena ndiye aliyepika, ameketi kwenye kigoda kwa sababu ya magoti, anaamrisha wanawake sita kwa kijiko. Wapimaji walishuka kavu kabisa. Waliteremsha kamba yao ya kupimia kina, yenye risasi mwishoni, hapa na pale, wakaandika. Mmoja wao, kijana wa viatu vyeupe, aliwauliza watu kama maji hufika hapa siku zote. Wote wakaitikia kwa heshima, ndiyo bwana, ndiyo bwana. Kijana hakuridhika. Akamfuata Absar pembeni, maana aliambiwa huyu ndiye mjuzi.

"Mzee, nieleze kweli. Siku za kawaida maji huishia wapi?"

Absar alikitazama kile kisiwa jirani, ng'ambo ya mkondo. Akasikia sauti ya mkewe jikoni. Akaliona moyoni gati limekwisha, na Momena juu yake anatembea na mkongojo, polepole, kavu, hadi kwenye boti.

"Hapa hapa, bwana," akasema. "Siku zote."

Gati lilichukua miaka miwili. Lilipokwisha, mwisho wa mvua, lilifunguliwa siku ya bamvua, kwa utepe na spika. Momena alivaa sari mpya. Alitembea gati zima, akafika mwisho, akashika chuma, akachungulia maji yanayocheza chini.

"Baba Shefali, tupande leo leo?"

"Leo ni siku ya wakubwa, boti zimejaa wenye tai. Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata yalikuwa maji mafu, na gati likajulikana lilivyo. Lilikuwa limepita juu ya ile sehemu ambayo hata mbuzi alikuwa akiivuka bila kulowa kwato. Likaishia hewani, ngazi ya chuma ikining'inia, na kutoka mguu wa ngazi hadi boti tope lilikuwa palepale, mwendo wa robo saa. Bamvua lililofuata lilikuja na ishara ya tufani, boti zote zikazuiwa. Baada ya hapo ukaingia msimu wa baridi, na bahari ya msimu wa baridi haipandi kwa ajili ya mtu.

"Wametujengea roshani," alisema Kala Miah, mwenzake Absar wa kiti kwa miaka thelathini, mtu ambaye angemtania hata mtoa roho. "Tope letu sasa tunaliona kwa juu, kama matajiri."

Wabebaji walicheka. Absar naye alicheka. Nyumbani Momena alifungua ile mitungi ya achari ya kunazi aliyomwekea Shefali, akaionja, akaifunga tena.

Ilikuwa mwezi wa Poush, kilele cha baridi, asubuhi, ukungu haujainuka. Shefali alikuwa amelazwa siku tatu kwa homa ya mbu. Jana yake walisema amekunywa supu. Simu iliita saa kumi na mbili na nusu. Absar aliipokea, akasikiliza, akasema "ndiyo" mara nne. Momena alikuwa anamwaga maji kwenye birika. Aliweka birika chini, akaanza kutafuta shali yake.

"Watazika Adhuhuri," Absar alisema. "Jahangir anaweza kuwasihi wangoje mpaka Alasiri. Zaidi ya hapo shehe wao hakubali."

"Basi nitamwona uso."

"Utamwona. Boti ya Sukkur inaondoka saa mbili kasoro. Mwendo ni saa mbili tu."

Mkokoteni wa baiskeli uliwafikisha gatini. Waliharakisha juu ya zege, yeye na mkongojo wake, tok, tok, hadi mwisho. Maji yalikuwa yanakimbia kwenda nje. Boti ilionekana kule mkondoni, injini inakohoa. Habari ilikuwa imeshatangulia, maana kisiwani kwetu habari haihitaji gati; wabebaji wote walikuwa chini ya ngazi, na kiti kimeshatandikwa kanga safi.

Kushuka ngazi tu kulikula dakika kumi. Momena alishuka kinyumenyume, Absar chini yake akimweka miguu ngazi kwa ngazi.

Kala Miah alisogeza kiti. Siku hiyo hakuwa na utani hata kidogo. "Shemeji, kaa. Mimi mbele, Absar nyuma. Atakayecheka nitamzamisha kichwa."

Momena alikitazama kiti. Miaka thelathini na miwili alikiona kikiegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yake, alikifunga kamba kilipolegea, na hakuwahi kukigusa kwa makalio.

"Ahsante, kaka Kala. Kiti ni cha wageni. Nitatembea."

"Shemeji, leo—"

"Nimesema nitatembea. Sitaki mwanangu azikwe siku watu watakapopata jina la kumwita baba yake."

Akakunja sari, akaingia. Absar aliwapigia mkono wenzake wasimzuie, alimjua. Hatua tano alikwenda vizuri. Hatua ya kumi tope lilimshika gotini. Akauvuta mguu, ukagoma, akauvuta tena, akatoa sauti ndogo ambayo Absar hakuwahi kuisikia hata siku Shefali alipozaliwa. Hatua ishirini zilichukua karibu robo saa. Huko mbele Sukkur alipiga honi mara moja, kisha akaacha, kwa aibu.

Absar alizunguka akasimama mbele yake. Akamgeuzia mgongo, akainama.

"Panda."

"Watu wanaona."

"Panda, Mama Shefali."

"Usijitie aibu mbele za watu."

"Aibu hiyo nayo panda nayo. Maji yanatukimbia."

Alikuwa ameinama, kwa hiyo aliwaona wabebaji kupitia kati ya miguu yake mwenyewe, kichwa chini miguu juu. Kala Miah aligeuka kwanza, akatazama nchi kavu. Kisha mwingine, kisha wote, watu kumi na moja wakaligeuzia tope migongo, kama wanaume wanavyogeuka mwanamke anapooga mtoni. Hapo akahisi mikono miwili ya baridi shingoni mwake.

Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililotaka kumwangusha. Kisiwa kizima alikijua kwa kilo, alimjua mwenyekiti kwa kilo, alijua mwalimu amenenepa kabla mke wa mwalimu hajajua, na mke wake wa miaka thelathini na miwili hakuwahi kujua uzito wake. Magunia ya chumvi yalimzidi. Alitembea haraka kuliko alivyowahi kutembea na mzigo wowote, akizungumza na miguu tu, hapa kitako, hapa zunguka, na kila alipovuta pumzi alinusa moshi wa jiko kwenye shali yake.

Katikati ya njia alisema, "Ile siku ya wapimaji niliichagua mimi."

"Najua. Nani alipika?"

"Kuna jambo hulijui." Alitembea kidogo. "Yule wa viatu vyeupe aliniuliza mimi peke yangu. Maji huishia wapi. Nikamwambia hapa hapa, siku zote."

Absar alihisi mikono ikilegea shingoni, si kwamba inateleza; ilimwachia, ikarudi kwenye mabega, ikakaa hapo kama mikono ya abiria yeyote.

"Tembea," akasema.

Sukkur alikuwa amengoja. Angeweza kuondoka na maji yake. Abiria ishirini walikuwa ndani, hakuna aliyenung'unika. Alimpokea Momena kwa mikono miwili, akamkalisha karibu na injini penye joto, akasema, "Siwezi kukuacheni leo, mzee wangu, ningeishije?" Kisha akasukuma mtambo. Boti ikatetemeka, ikaguna, ikabaki palepale. Wanaume waliruka nje, wakasukuma, wakaita jina la Mungu kwa pamoja. Boti ilikaa juu ya mchanga kama kuku juu ya mayai. Maji yaliendelea kuondoka bila kelele, na baada ya muda hata wa kusukuma waliona wanajichosha bure, wakapanda mmoja mmoja, wakaketi, wakatazama vidole vyao vya miguu. Boti ya pili ilikuwa bara.

Saa nne Jahangir alipiga simu. Momena aliiweka sikioni kwa mikono miwili.

"Mmefika wapi, mama? Tumeshamwosha."

Momena alimgeukia mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu topeni. Boti nzima ilimtazama.

"Maji yatarudi saa ngapi, Baba Shefali?"

Absar aliutazama mchanga, akaona ulivyokauka kwa juu, akaona ndege wanavyotembea mbali. Hakuhitaji vidole.

"Tutaelea saa tisa," akasema. "Tutafika jua linazama."

"Na Alasiri?"

"Hatuiwahi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na kikapu cha bata alikishika kikapu asije bata akalia.

"Jahangir, baba," Momena alisema kwenye simu, kwa sauti ya kuagiza vitu sokoni. "Msimsubirishe mtoto. Zikeni Adhuhuri... La. La, usiwasihi. Nisikilize. Yuko chumba gani?... Kitanda kimeelekea wapi?... Ukiingia mlangoni, yeye yuko upande gani, kulia?... Mmemfunika shali ipi?... Ile aliyonunua Idi. Haya. Na jiko liko wapi, nyuma yake?... Haya. Nimeona."

Akairudisha simu kwa Absar. Akavuta shali hadi machoni. Mabega yalitikisika kwa muda mrefu, bila sauti, na Absar alikaa shibri moja kutoka kwake, hakujua kama ana ruhusa ya kuifunga hiyo shibri.

Waliingia kwa Jahangir wakati wa Magharibi. Uani bado kulikuwa na unyevu pale walipomwoshea. Wanawake walimpokea Momena kwa kilio, wakamshika huku na huku, wakataka kumwingiza ndani, naye akasimama kizingitini, akaanza kuhesabu kwa macho: mlango, kitanda, upande wa kulia. Kitanda kilikuwa kitupu, matandiko yamekwishakunjwa.

Mitali, miaka mitano, alijipenyeza katikati ya sari za watu. Alikuwa amelia mpaka amechoka, akabaki na udadisi. Alimtazama bibi yake kichwani hadi miguuni, kama kitu kilichokuwa kikisemwa tu na sasa kimeletwa.

"Bibi, umekuja?"

"Nimekuja, mama."

"Mama alisema hutakuja mpaka gati liishe kujengwa." Akamgeukia babu. "Limeisha?"

Momena naye aligeuka. Hakuwa na hasira usoni, au kama ilikuwepo ilikuwa imelala chini kabisa ya mambo mengine. Alingoja tu, kama mtu aliyeuliza habari za maji.

"Bado," Absar alimwambia mtoto. "Bado, mama."